Kivimbe chini ya ngozi: jinsi ya kukituliza nyumbani bila kukichokonoa

Mtu anapopitisha mkono kisogoni, mgongoni au nyuma ya sikio akakutana na kigololi kinachoteleza chini ya ngozi, kisichouma wala kuwasha, jambo la kwanza analolifanya kwa kawaida ni kukibinya. Akiona hakitoki kitu, hukibinya tena kesho yake, safari hii kwa kucha, na keshokutwa humwita mtu wa nyumbani amsaidie kukitumbua. Matatizo mengi ya vivimbe hivi huanzia hapo, wala si kwenye kivimbe chenyewe, ambacho kikiachwa kinaweza kukaa miaka kumi bila kumsumbua mwenye nacho.

Mimi si tabibu. Ni mtu wa ukoo wenye vivimbe vya kichwani: mama yangu alikuwa navyo vitatu, mama yangu mdogo anavyo mpaka leo, na mimi nilikuwa na viwili. Kimoja kati ya vyangu kilikwanguliwa na mashine ya kinyozi, nikakipaka kila kitu nilichoshauriwa na kila aliyekiona, kikavimba hata nikashindwa kulalia upande ule kwa zaidi ya wiki. Ninayoyaandika hapa ni yale niliyoelezwa baadaye na matabibu waliokishughulikia, pamoja na yale niliyoyajua kwa kuyakosea. Tiba ya nyumbani inaweza kukituliza kivimbe, kupunguza maumivu yake na kukisaidia kikauke vizuri kikipasuka, lakini haiwezi kukiondoa, na sababu yake iko katika maumbile ya kivimbe chenyewe.

Ndani ya kivimbe mna nini

Ngozi yetu hujifanya upya kila siku. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda juu, hufa, kisha hupukutika, nazo ni sehemu kubwa ya zile nongo tunazoziona tukijisugua bafuni. Wakati mwingine sehemu ndogo ya ngozi hiyo ya juu huzama ndani, pengine kwa sababu kinyweleo kimeziba, pengine kwa sababu ya jeraha dogo la zamani ambalo mtu amekwisha kulisahau. Ikishazama hujikunja ikawa kifuko, ambacho madaktari hukiita sisti, na kifuko hicho huendelea na kazi ileile ya kuzalisha seli na kuzipukutisha, isipokuwa sasa nongo zake hazina pa kutokea. Hujilimbikiza humo ndani mwaka baada ya mwaka, ndiyo maana kivimbe hukua polepole, kutoka ukubwa wa punje ya mtama hadi wa zabibu, na kikiachwa miaka mingi hata wa yai.

Ule uji mzito mweupe au wa manjano, wenye harufu ya jibini lililooza, ambao hutoka kivimbe kikipasuka, kwa hiyo si usaha, na wala si mafuta, ingawa watu wengi, na hata vitabu vya zamani vya tiba, wamezoea kuviita vivimbe vya mafuta. Sehemu yake kubwa ni keratini, protini ileile inayotengeneza kucha na nywele. Naling'ang'ania jambo hili kwa sababu karibu kila dawa ya mtaani ya vivimbe hivi hutolewa kwa hoja kwamba itayeyusha mafuta. Hakuna mafuta ya kuyeyusha, na keratini haiyeyuki kwa siki wala kwa limau, kama vile kucha zako zisivyoyeyuka unapokamua limau kwenye samaki. Hata kama uji wote ungetoka, kifuko kingali kimebaki, nacho ndicho kiwanda. Baada ya miezi michache hujaa tena.

Vivimbe vya usoni, shingoni na mgongoni mara nyingi huwa na kitundu kidogo cheusi katikati, mfano wa ncha ya sindano, na hapo ndipo kinyweleo kilipoziba. Vya kichwani hutokana na sehemu nyingine ya kinyweleo, huwa vigumu zaidi, kwa kawaida havina kitundu, na hurithiwa katika ukoo, kama ilivyo katika wetu. Vyote viwili havihusiani na uchafu, na mtu mwenye navyo hahitaji kuambiwa aoge zaidi.

Kwanza jua unachokitunza

Kabla ya kuchemsha maji, hakikisha kwamba kilichopo ni kivimbe cha aina hii, kwa kuwa si kila kinachotuna chini ya ngozi kinastahili kutunzwa nyumbani. Kiguse kwa vidole viwili bila kukibinya. Kivimbe cha kawaida ni cha mviringo, kimeshikamana na ngozi iliyo juu yake lakini huteleza juu ya nyama iliyo chini, na hakiumi isipokuwa kimewaka. Kikiwa laini sana kama tonge la unga, kiko chini zaidi, na ngozi husogea juu yake bila kushikamana nacho, huenda kikawa uvimbe wa mafuta wa kweli, ambao kwa kawaida nao hauna madhara, lakini kuukanda hakuusaidii kitu.

Jipu ni jambo jingine. Hilo huja kwa siku chache, huwa jekundu au jeusi lenye kung'aa kulingana na rangi ya ngozi, huwa la moto, hupwita, na mwisho hutunga usaha. Anayepata majipu mara kwa mara, moja likipona jingine linakuja, asitafute dawa ya jipu peke yake bali apime sukari ya damu, kwa kuwa kisukari kisichojulikana mara nyingi hujitangaza hivyo. Na yule ambaye vijipu vyake hurudi kwapani au kinenani miaka nenda miaka rudi, vikiacha makovu na mifereji chini ya ngozi, ana ugonjwa wenye jina lake na dawa zake, naye amuone daktari wa ngozi badala ya kulaumiwa kwamba hajisafishi.

Kuna kijipu kimoja ambacho katika nchi zetu za joto hudhaniwa kila mara kuwa kivimbe au jipu la kawaida, nacho ni cha buu. Yuko nzi ambaye hutaga mayai kwenye mchanga wenye kivuli na kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, hasa zenye harufu ya jasho au mkojo, na mayai yakianguliwa, buu hupenya ngozi ya aliyevaa nguo hizo bila yeye kuhisi. Baada ya siku chache hutokea kijipu chenye kitundu wazi katikati, ambacho hutoa majimaji, na mgonjwa husema kwamba anahisi kitu kinatembea. Hapa tiba ya nyumbani inafanya kazi kweli: paka mafuta mazito ya kujipaka, yale ya mgando, juu ya kitundu mpaka kizibe kabisa, subiri mpaka buu akose hewa na kuanza kujitokeza, kisha bonyeza taratibu kwa vidole viwili kutoka pande zote mbili na umtoe akiwa mzima, bila kumkata, maana kipande kikibaki ndani huleta uvimbe mpya. Ukiona buu ametoka nusu au eneo limeanza kuwaka, nenda zahanati. Kinga yake ni pasi ya moto, ikipitishwa pande zote za nguo na hasa kwenye mishono, nepi za watoto zikiwa za kwanza.

Vipo vingine ambavyo havifai kabisa kukandwa wala kusubiriwa. Mtoki wa kinenani, kwapani au shingoni ambao haupungui baada ya wiki mbili au tatu huenda ukawa ni tezi zilizovimba kwa kifua kikuu, kwa maambukizi mengine au kwa saratani. Uvimbe wa mbele ya shingo unaopanda na kushuka mtu anapomeza mate ni wa tezi ya shingo, yaani rovu. Uvimbe wowote wa titi upimwe, hata uwe mdogo kiasi gani. Mtoto ambaye taya lake linavimba kwa haraka, meno yakianza kulegea, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwani katika ukanda wetu ipo saratani ya watoto inayoanza namna hiyo. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowaona Kampala, nayo hukua kwa kasi ya kutisha lakini hutibika vizuri ikiwahiwa. Na mtu aliyeishi kando ya mito yenye kasi, kwa mfano milimani Mahenge mkoani Morogoro, akiwa na vinundu vigumu visivyouma juu ya mifupa ya nyonga au mbavu, afikiriwe ugonjwa wa usubi, ambao dawa yake ni ya kumeza.

Kivimbe cha kifundo cha mkono nacho si cha ngozi. Kimejaa ute mzito utokao kwenye kiungo au kwenye ala ya mshipa wa msuli, na zamani huko Ulaya watu walikuwa wakikipiga kwa kitabu kizito, Biblia ya nyumbani ikiwa ndiyo iliyopatikana kwa urahisi, mpaka kipasuke. Kipigo hicho kiliweza kuwavunja watu mifupa, ilhali vivimbe hivyo mara nyingi hutoweka vyenyewe.

Kukanda kwa maji ya moto

Kama katika makala haya yote ungechukua jambo moja tu, chukua hili. Kukanda ndiyo tiba ya nyumbani ambayo matabibu wenyewe huielekeza, haina gharama, na bibi zetu walikuwa wakiifanya vizuri kuliko sisi kwa sababu walikuwa na subira. Joto hupanua mishipa midogo ya damu, damu huja kwa wingi mahali palipowaka, maumivu hupungua, na kama kivimbe kina kitundu, kilichomo ndani kinaweza kulainika na kuanza kutoka chenyewe taratibu.

Tayarisha beseni dogo safi, taulo dogo au kitambaa cha pamba ambacho hakitumiki kwa kazi nyingine, na chupa ya chai yenye maji ya moto kwa ajili ya kuongezea. Nawa mikono kwa sabuni. Mimina maji ya moto kwenye beseni na uyapoze kwa maji ya baridi mpaka yafikie joto ambalo ngozi ya ndani ya kifundo cha mkono wako inalivumilia kwa raha. Kwa wenye kipimajoto ni kama nyuzi 40 hadi 43 za Selsiasi. Usipime kwa vidole vya mtu aliyezoea kuepua sufuria, kwa kuwa vidole hivyo vimeshakuwa sugu na vitakudanganya. Mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia, na mtoto mdogo, wapimiwe na mtu mwingine, na maji yao yawe ya vuguvugu zaidi.

Chovya kitambaa, kikamue kisitiririke, kikunje mara mbili, kiweke juu ya kivimbe na ukishikilie bila kukandamiza. Kitapoa baada ya dakika mbili au tatu. Kichovye tena, ukiongeza maji ya moto kwenye beseni kila yanapopoa. Endelea hivyo kwa dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Watu wengi hushindwa hapa. Hukanda mara moja usiku kwa dakika tatu, kesho yake husahau, siku ya tatu husema maji hayasaidii. Kivimbe kilichowaka huhitaji siku kadhaa mfululizo, na pengine wiki moja au zaidi, kabla hakijaanza kunywea. Ukimaliza kila mara, kausha eneo kwa kugusisha kitambaa safi bila kusugua, kisha fua kile ulichokandia kwa sabuni na ukianike juani au ukipige pasi. Kitambaa hicho kisitumiwe na mtu mwingine.

Neno kukanda lisikupotoshe. Katika Kiswahili tunakanda unga na tunakanda misuli, na katika hayo yote mkono hutumia nguvu, lakini hapa kinachofanya kazi ni joto peke yake. Usipitishe chupa juu ya kivimbe, usikikandamize kwa kokwa la embe lililochomwa wala kwa jiwe la moto, na usilale na chupa ya maji ya moto juu yake, kwa kuwa usingizi ukikuchukua ngozi huungua bila wewe kujua. Kivimbe ambacho hakiumi wala hakijawaka hakihitaji hata kukandwa. Kinachohitaji ni kuachwa.

Maumivu yakizidi, parasetamo inatosha kwa watu wengi. Mtu mzima humeza kidonge kimoja au viwili vya miligramu 500, akipisha angalau saa nne hadi sita kabla ya kurudia, na asizidishe vidonge vinane katika saa 24. Mwenye ugonjwa wa ini amuulize mhudumu wa afya kwanza.

Kikipasuka chenyewe

Mara nyingine, baada ya siku kadhaa za kukanda, kivimbe hufunguka. Usihamaki kwa harufu. Nawa mikono, acha kilichomo kitoke kwa kasi yake, na upangusie kwa gozi, yaani kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, au kitambaa safi kilichochemshwa. Kishawishi cha kukikamua kiishe chote ni kikubwa sana wakati huo, nami nilishindwa nacho. Kibaya ni kwamba kivimbe kinapobanwa, ukuta wake unaweza kupasukia ndani, keratini ikamwagika katika nyama, na mwili ukaishambulia kama unavyoshambulia mwiba. Hapo uvimbe huongezeka maradufu hata kama hakuna kijidudu kilichoingia, na ndilo lililonikuta. Tahadhari hii ina uzito wa ziada kwa kivimbe kilichoko puani, mdomo wa juu au katikati ya hapo, kwa kuwa mishipa ya damu ya eneo hilo huwasiliana na ile ya ndani ya fuvu.

Osha jeraha mara mbili kwa siku kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa na sabuni isiyo kali, au kwa maji ya chumvi, ambayo hutengenezwa kwa kukoroga kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji yaliyochemshwa. Yaandae upya kila siku. Funika kwa gozi kavu na plasta, ubadilishe kila likilowa. Spiriti na dawa kali za kuua vijidudu zisimiminwe ndani ya kidonda, kwani huunguza pia nyama changa inayojaribu kuziba.

Usitumie sindano, wembe wala mwiba wa mchungwa kukifungua mwenyewe, hata ukiwa umeuchoma kwenye moto wa mshumaa. Moto unaweza kuua vijidudu vya kwenye ncha, lakini hauwezi kuondoa vile vilivyoko kwenye ngozi, na hauwezi kumwonyesha mtu mshipa wa damu au wa fahamu ulio chini.

Dawa za jikoni na za bustanini

Hapa ndipo penye ushauri mwingi kuliko ujuzi. Nitazitaja zile ninazoulizwa sana, kwa kuanzia na zisizo na madhara makubwa.

Utomvu wa shubiri, ule mwangavu kama jeli ulioko katikati ya jani, hupoza ngozi iliyowaka, na hakuna ubaya kuupaka baada ya kukanda ili mradi ngozi haijapasuka. Jani lioshwe, na ile maji ya manjano iliyo karibu na ganda iachwe ichuruzike kwanza, kwa sababu huwasha. Asali imetumika kwenye vidonda tangu zamani, na hospitali nyingine hutumia asali iliyosafishwa maalumu kwa kazi hiyo. Ya chupa iliyonunuliwa barabarani haijulikani imechanganywa na nini, kwa hiyo mimi huiacha iende kwenye chai. Manjano iliyochanganywa na maji hupaka rangi nguo na shuka, na katika ngozi yenye kivimbe sijaona ilichokifanya zaidi ya hapo. Mafuta ya nyonyo hulainisha ngozi ya juu, lakini hayafiki kwenye kifuko. Majani ya mwarobaini yaliyochemshwa ni maji ya kuogea ya heshima katika nyumba nyingi, na anayeyapenda aoge tu. Kifuko hakitasikia habari zake.

Mafuta ya mti-chai wa Australia, yaani Melaleuca alternifolia, yamefanyiwa utafiti katika chunusi, ambapo jeli yenye asilimia 5 ya mafuta hayo ilionekana kupunguza vipele. Chunusi si kivimbe cha kifuko, na tofauti hiyo haiandikwi kwenye chupa. Anayetaka kuyajaribu ayachanganye na mafuta mengine, ayajaribu kwanza kwenye ngozi ya ndani ya mkono kwa siku moja, na asiyanywe kamwe kwa kuwa yakinywewa ni sumu.

Kitunguu saumu kibichi kikipondwa na kufungwa juu ya ngozi huunguza. Si msemo, husababisha malengelenge sawa na ya maji ya moto, na watu wamelazwa kwa ajili yake. Siki ya tufaha, limau na magadi vimo katika kundi hilohilo. Dawa ya meno hukausha na kuwasha. Majivu, udongo na kinyesi cha ng'ombe vinaweza kuingiza pepopunda kwenye ngozi iliyopasuka, na hapo kivimbe ambacho hakikuwa na hatari yoyote huwa kimegeuka kuwa chanzo cha ugonjwa unaoua. Nisingependa kuonekana nadharau dawa za wazee, maana kukanda kwenyewe ni dawa ya wazee. Ninachosema ni kwamba si kila walichokitumia walikitumia kwa jambo hili.

Duka la dawa nalo lina mitego yake. Antibaiotiki inayonunuliwa kwa kukisia, vidonge vitatu leo na vitatu kesho, haimalizi kivimbe kwa sababu kwa kawaida kivimbe hakina maambukizi, na yakiwepo hayamalizwi na dozi pungufu. Mafuta ya kopo yaliyochanganywa na dawa za kundi la steroidi hupunguza wekundu kwa siku chache kisha hudhoofisha ngozi, na wengi huyapaka bila kujua yalichonacho. Soma kilichoandikwa kwenye bomba, au muulize mfamasia.

Vya kwenye kope na vya sehemu za siri

Chokea, yaani kijipu kinachouma kwenye ukingo wa kope, na kile kivimbe kisichouma kinachobaki katikati ya kope kwa wiki kadhaa, vyote hutunzwa kwa kukanda kama nilivyoeleza, jicho likiwa limefumbwa, kwa kitambaa safi kipya kila mara. Hapa joto linafaa hasa, kwa sababu vitezi vya kope hutoa mafuta ya kweli ambayo hulainika kwa joto. Baada ya kukanda, pitisha kidole safi juu ya kope kwa wepesi kuelekea kwenye nywele za kope. Acha wanja na usivae lenzi mpaka kipone. Maziwa ya mama, chai na mkojo havina nafasi katika jicho. Uono ukififia, au uvimbe ukienea shavuni, muone daktari wa macho bila kuchelewa.

Kivimbe kinachotokea upande mmoja wa mlango wa uke mara nyingi ni tezi iliyoziba. Mwanamke anaweza kukaa katika beseni la maji ya uvuguvugu kwa dakika 10 hadi 15 mara kadhaa kwa siku, bila kuongeza dawa yoyote ya kusafishia. Kikiuma sana au akipata homa, aende kliniki. Na aliyevuka umri wa miaka 40 aende hata kama hakiumi.

Wakati wa kumwendea tabibu, na kinachofanyika huko

Nenda ukiona wekundu au giza la ngozi linaenea, mistari inapanda kutoka kwenye kivimbe, una homa au baridi, au maumivu hayapungui baada ya siku tatu za kukanda kwa bidii. Nenda pia kivimbe kikikua haraka, kikiwa kigumu na kimegandamana na kilicho chini yake, kikitoka damu, au kikirudi palepale kilipoondolewa. Mwenye kisukari, mwenye kinga dhaifu na mzazi wa mtoto mchanga wasisubiri hata siku hizo tatu. Vivimbe vingi hushughulikiwa katika kituo cha afya chochote chenye chumba cha upasuaji mdogo. Vilivyo vigumu kutambua hupelekwa kwa wataalamu wa ngozi, na kwa Tanzania kituo chenye jina kubwa ni kile cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi.

Tabibu akikuta kivimbe kimewaka, huenda akakipasua kidogo ili kutoa kilichomo, kisha akakuambia urudi baada ya wiki nne hadi sita. Wengi hudhani wanazungushwa. Ukweli ni kwamba kifuko kilichowaka huwa kimelegea na kushikana na nyama, hakitoki kizima, na kipande chochote kinachobaki huweza kuota kivimbe kipya. Kikishatulia, ngozi hutiwa ganzi kwa sindano, na kifuko hutolewa chote, kazi ambayo kwa kawaida haichukui nusu saa. Omba kilichotolewa kipelekwe maabara kama tabibu ana shaka nacho hata kidogo.

Kabla hajashika kisu, mwambie kama wewe au watu wa nyumbani kwenu mna makovu yanayovimba na kuota nje ya jeraha. Makovu hayo huwapata zaidi watu wenye ngozi nyeusi, na huota kwa urahisi kifuani, mabegani na masikioni, kwa hiyo kivimbe kidogo cha kifuani kisichouma kinaweza kuwa bora kubaki kuliko kovu litakalokirithi. Nyuzi za usoni hutolewa baada ya siku tano hadi saba, za kichwani siku saba hadi kumi, za mgongoni hata wiki mbili, na katika siku hizo jeraha halilowekwi majini wala halipakwi chochote ambacho hukuagizwa.

Changu kilichokwanguliwa kilitolewa hivyo, wiki sita baada ya kutulia, na hakijarudi. Kile cha pili bado kiko juu kidogo ya sikio la kushoto, ukubwa wa punje ya hindi, nami kila nikikaa kwenye kiti cha kinyozi humshika mkono nimwonyeshe kilipo kabla hajawasha mashine.